Siku Utani Ulipopigwa Marufuku Lusiga

Ukitaka, amini. Usipotaka, amini hivyohivyo, kwa sababu katika nchi ninayoisimulia kutoamini ni kosa, nami nisingependa msomaji wangu alale rumande kwa ajili ya hadithi. Jina la nchi yenyewe nimelisahau kwa makusudi. Yatosha kujua kwamba ilikuwa na amani nyingi mno. Neno amani liliandikwa kwenye noti, kwenye ubavu wa magari ya polisi ya kumwaga maji ya washawasha na juu ya lango la gereza kuu. Raia aliyepigwa virungu alitarajiwa, akishainuka, kushukuru kwamba amepigwa katika nchi ya amani, maana kwa majirani watu walikuwa wakipigwa hovyohovyo.

Katika nchi hiyo alikuwapo msomi mmoja aliyeitwa Dokta Zakayo Mtengwa. Alifanya kazi katika Jopo la Wataalamu wa Kanda wa Kuongoza Ujenzi wa Amani na Kuzuia Migogoro Yenye Vurugu, jina refu kiasi kwamba ugomvi mdogo uliweza kuanza, kupamba moto na kuzika watu wake kabla msemaji hajafika neno la mwisho. Wananchi waliliita Jopo, basi. Wajumbe wake walitoka nchi zote za kanda, na kila mmoja alitoka katika nchi iliyokuwa ikiungua wakati huo, kwa kuwa uzoefu ni mwalimu. Mjumbe wa kaskazini alikuwa ameshuhudia mapinduzi akiwa ndani ya kabati. Yule wa magharibi alikuwa na kovu la risasi kwenye paja na alivaa suruali fupi hata kwenye dhifa za serikali.

Dokta Zakayo peke yake hakuwa na kitu. Alizaliwa bonde la Lusiga, ambako tangu enzi za babu zake hakuna aliyemuua jirani yake. Wenzake walipokaa kunywa chai wakilinganisha makaburi ya halaiki, yeye alikoroga sukari. Kuna mara moja alijaribu kusimulia jinsi mjomba wake alivyong'atwa na punda, wakamsikiliza kwa huruma, kisha wakarudi kwenye mazungumzo ya watu wazima. Aliona aibu. Mtaalamu wa migogoro asiye na mgogoro kwao ni kama kinyozi kipara, na yeye alikuwa akisubiri kupandishwa cheo.

*

Lusiga waliishi Wakibwe upande wa juu wa mto na Wandolo upande wa chini. Zamani sana walichinjana mpaka fisi wakachagua nyama. Walipochoka wakazika silaha, wakafanya jambo ambalo wazee wa nchi nyingi wamelifanya likafaulu: wakaanzisha utani. Kuanzia hapo Mkibwe na Mndolo waliruhusiwa kutukanana, kunyang'anyana kofia na kusingiziana wizi, ila kukasirika ndiko kulikokuwa mwiko. Wakibwe wakipigana wenyewe kwa wenyewe, Mndolo yeyote aliyepita njia alikuwa na haki ya kujitosa katikati, akawashika masikio wote wawili na kuwadai mbuzi. Hakuna aliyewahi kumgusa. Na penye msiba, watani ndio waliochimba kaburi, ndio waliozika, na ndio waliohakikisha kwamba wafiwa hawafi nao kwa majonzi.

Baba yake Zakayo, Mwalimu Mtengwa, alikuwa Mkibwe aliyejenga upande wa chini, katikati ya Wandolo, kwa sababu shule aliyofundishia ilikuwa huko. Alipofariki, Jopo zima lilikuja kumzika kwa msafara wa magari meupe. Mwenyekiti, Balozi mstaafu Perpetua Kasigwa, alisimama kandoni mwa kaburi akaanza kusoma salamu za rambirambi za kanda, ambazo zilikuwa na utangulizi, malengo na matokeo yanayotarajiwa.

Alikuwa bado kwenye malengo alipotokea Ngoliga. Huyu alikuwa Mndolo, mwenye bucha, jirani wa marehemu, na mtani wa Zakayo tangu wakiwa wadogo wasio na meno ya mbele. Alikuja na panga lenye damu mbichi ya ng'ombe, akaruka ndani ya kaburi, akalala chali na kutangaza kwamba Mkibwe huyu hazikwi ng'o, mpaka yeye akabidhiwe mjane. Wandolo wengine wakawaingia waombolezaji kwa fimbo za mwiba. Mwanamke mmoja alivaa koti la marehemu, akaketi kwenye kiti cha Balozi na kukohoa kikohozi chenyewe cha Mwalimu, kile cha kutafuta chaki. Ngoliga akatoka kaburini, akamkamata Zakayo kwa tai na kumzungusha kaburi zima akimnadi kama beberu mgonjwa.

Watu waliokuwa wakilia tangu alfajiri walicheka mpaka wakashikilia mbavu. Bi Namkunda, mjane, aliyekuwa hajala kitu, alimwita Ngoliga mume wangu na kuomba uji.

Wajumbe wa Jopo walikuwa wamelala chini ya magari. Yule wa kaskazini alitafuta kabati, akalikosa. Balozi Kasigwa alimvuta Dokta Zakayo nyuma ya gurudumu, akamuuliza kwa sauti ya chini, yeye mtoto wa hapa, hicho kilikuwa kitu gani. Jibu lilikuwa jepesi: ni utani tu, Mheshimiwa. Zakayo alifungua kinywa chenye udongo wa kaburi la baba yake ili aliseme. Ndipo akaona macho ya wenzake. Kwa mara ya kwanza walikuwa wakimtazama kwa heshima, kama mtu aliyeficha utajiri siku zote.

"Mheshimiwa," akasema, "ni mgogoro wa muda mrefu."

Mjumbe wa magharibi akatambaa mpaka alipo, akamshika mkono na kumpa pole.

*

Jopo halikulaza damu. Wataalamu walikaa hotelini mji mkuu wakachambua viashiria, na kila kiashiria kilipochambuliwa kilizaa kingine. Matusi ya kikabila hadharani yalikuwapo. Silaha yenye damu ilikuwapo. Madai ya kutwaa wajane kwa nguvu yalikuwapo, tena mbele ya mashahidi wenye hadhi ya kibalozi. Balozi Kasigwa alihutubia taifa akiwa amevaa hereni za njiwa. Alisema sayansi ya kisasa imethibitisha kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha, na kwamba Jopo, kwa kuzingatia kuwa kinga ni bora kuliko tiba, limeazimia kuukata utani ungali mbichi.

Amri ikatoka. Kumtania mtu wa kabila jingine, kutaniwa bila kutoa taarifa, na kucheka penye utani unaoendelea, yote yakawa makosa ya jinai. Semina zikafanyika. Wakibwe na Wandolo wakafundishwa kusalimiana upya, na kila mmoja akatakiwa kumwita mwenzake "ndugu mshirika wa amani kutoka jamii jirani." Waliofaulu walipewa fulana. Walioshindwa walipewa viboko, na kikosi kizima cha polisi kililetwa kusimamia upole.

Kikosi kilifanya kazi kwa moyo. Bibi mmoja wa Kindolo alimwambia diwani wa Kikibwe kwamba pua yake ingefaa kuzibia mtungi, kama alivyokuwa akimwambia kila siku ya soko. Askari walimvunja taya kwa kitako cha bunduki, wakamsomea haki zake akiwa anaokota meno. Wazee wawili waliokutwa wakicheka kichakani walifungwa kamba shingoni, wakatembezwa sokoni ili jamii ijifunze maridhiano. Ngoliga alikamatwa ndani ya bucha yake kwa kumwambia Bi Namkunda, mke wangu, leo nimekuwekea utumbo wa fisi. Kituoni walimning'iniza miguu juu, wakamng'oa kucha za mkono wa kulia mojamoja. Aliuliza kama wanamtania, na hilo likahesabiwa kosa la pili.

Habari hiyo ilimfikia Dokta Zakayo siku aliyoapishwa kuwa Mshauri Mwandamizi. Ilimchoma, tena si kidogo. Akatuma ujumbe kwa Ngoliga kwamba avute subira, kwani amani ina gharama zake. Kisha akaenda kwenye chai, na safari hii walimsogezea bakuli la sukari.

Mama yake alimpigia simu baada ya hapo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na siku hiyo yalikuwa machache zaidi.

"Zakayo baba, huku watu wanasalimiana vizuri mno," alisema. "Mimi naogopa."

Zakayo akamwambia ahamie mjini. Bi Namkunda akakataa, akasema hawezi kumwacha marehemu peke yake na majirani wenye adabu namna ile. Zakayo alimtuliza. Ukutani pa ofisi ya Jopo palikuwa na ubao mkubwa wa taa za kuonesha hali ya kila wilaya, na taa ya Lusiga ilikuwa ya kijani. Tangu amri itoke, hakuna tusi hata moja lililoripotiwa.

*

Mchana mmoja wa kiangazi, mdogo wake Ngoliga, kijana wa miraba minne aliyeitwa Lukwaro, alifungua mfereji kumwagilia nyanya zake nje ya zamu. Mkibwe mwenye zamu akamkuta. Zamani angemwita nyani mwenye kiu. Lukwaro naye angejibu kwamba hata nyani hawezi kuoga maji aliyonawia Mkibwe, wangetukanana mpaka koo zikauke, na mwisho wangekwenda pamoja kutafuta pombe. Hasira ingekuwa imetoka kwa njia yake ya kawaida, kama haja nyingine.

"Ndugu mshirika wa amani kutoka jamii jirani," Mkibwe akasema, "naomba ufunge maji."

"Ndugu mshirika," Lukwaro akajibu, "sifungi."

Wakatazamana. Hapakuwa na neno jingine waliloruhusiwa. Mkibwe akainua jembe akalishusha utosini kwa Lukwaro, likazama mpaka shingoni mwa chuma, na alipolivuta halikutoka. Alimkanyaga bega ili alichomoe. Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili za mfereji, wakiwemo wazee ambao maisha yao yote walikuwa wakijitosa kwenye ugomvi na kushika watu masikio. Safari hii kila mmoja alitazama mikono yake. Askari walikuwa mita chache, na kujitosa kulikuwa utani wa daraja la kwanza.

Wandolo wawili wakamkamata yule Mkibwe, wakamzamisha kichwa kwenye tope la mfereji na kukaa juu yake mpaka miguu ikaacha kupiga. Wakibwe wakaja na mapanga. Kabla jua halijaegemea magharibi, soko lilikuwa linaungua. Watu walifungiwa madukani, paa zikamwagiwa petroli. Mama mjamzito alikatwa akiwa ameshika mti, na mkono wake ukabaki umeushika. Wale wazee wawili waliowahi kutembezwa sokoni kwa kucheka, mmoja Mkibwe na mmoja Mndolo, walikutwa chooni wamejificha pamoja, wakauawa na vijana wa kila upande kwa zamu.

Na jambo lililowashangaza hata waandishi wa habari wa nje ni kwamba mafunzo hayakupotea bure. Hakuna aliyetukana. Mtu aliyekimbizwa aliitwa ndugu mpaka panga likamfikia. Nyumba zilipigwa kiberiti baada ya hodi.

*

Jopo lilikutana kwa dharura na furaha. Taa ya Lusiga ilibadilishwa kuwa nyekundu katika hafla fupi iliyopambwa na ngoma za utamaduni. Balozi Kasigwa alieleza kwamba utabiri wa Jopo umetimia kwa asilimia zote, jambo ambalo halijapata kutokea kanda nzima, na kwamba wanaolibeza Jopo sasa waende Lusiga wakajionee wenyewe. Akamwita mbele Dokta Zakayo, mtoto wa Lusiga, aliyekuwa wa kwanza kuiona hatari. Watu wakasimama wakapiga makofi.

Dokta hakusikia makofi. Alikuwa akipiga simu ya mama yake tangu jana yake, na simu ilikuwa ikiita tu. Alikuwa na hofu. Alikuwa na aibu pia, lakini aibu ilisimama nyuma, ikingoja hofu imalize. Akamfuata Mwenyekiti pembeni, akamwomba gari moja la deraya na askari wa kumsindikiza, amtoe mama yake upande wa chini.

Balozi alimwonea huruma ya kweli. Alimweleza kwamba Jopo hili ni la kuzuia vurugu, na vurugu zikishaanza hakuna cha kuzuia. Shughuli hizo sasa ni za Jopo la Baada ya Vurugu. Zakayo aliuliza wajumbe wake ni nani. Akaambiwa ni walewale, yeye akiwemo, ila wataapishwa mwezi ujao, vitambaa vya meza vikishafika.

"Mheshimiwa, ni mama yangu."

"Ndiyo maana nakuonea fahari," Balozi akasema. "Ushuhuda wako utakuwa mzito sana kwenye kongamano."

*

Akaenda mwenyewe, kwa gari lake dogo. Upande wa juu alipita kijiji baada ya kijiji, na Wakibwe wenzake walimpungia mapanga kwa heshima. Kuku walidonoa vitu ambavyo aliamua kutovitazama. Darajani Lusiga gari lilizuiwa na miti iliyolazwa, na nyuma ya miti walisimama Wandolo, wanaume na wanawake, fulana zao za semina zimekauka damu. Mbele yao alisimama Ngoliga, aliyekwisha kutoka mahabusu. Panga alilishika kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haukuwa na kucha.

Zakayo alishuka mikono juu. Ulimi wake ulikuwa umezoea njia moja tu, nao ukaipita.

"Ndugu washirika wa amani kutoka jamii jirani," akaanza.

Jiwe likampata mdomoni. Akaanguka magoti, akatema jino na damu kwenye mbao za daraja. Jiwe la pili lilimpasua nyusi. Kijana mmoja alikuja mbio na shoka, na Zakayo akajua kwamba elimu yake yote imefika mwisho, na kwamba katika kichwa chake hamkubaki kitu kinachoweza kumvusha mto ule isipokuwa kile alichokiharamisha mwenyewe. Akamwinulia Ngoliga uso.

"Wewe Ngoliga, mchinja vizee vya ng'ombe," akasema kwa mdomo uliovimba, "panga hujui hata kulishika. Ng'ombe wako hufa kwa kuoneshwa hiyo sura. Toka njiani, mzoga wewe, nikamsalimie mke wako kabla hajapata mwanamume wa maana."

Kijana wa shoka akasimama mguu mmoja mbele, akageuka kumtazama Ngoliga. Mwanamke mmoja nyuma kabisa aliziba mdomo kwa kiganja, kama mtu anayezuia jambo alilolizoea. Ngoliga akashusha panga. Akamwangalia Zakayo, na kitu kikapita usoni mwake ambacho Zakayo alikifahamu tangu utotoni, tangu walipokuwa wakiibiana vitumbua. Moyo wa Dokta ukarudi mahali pake. Alimpenda mtu yule wakati ule kuliko alivyowahi kumpenda mtu yeyote.

"Umechelewa, mtani," Ngoliga akasema. "Walinimalizia mdogo wangu. Wenzangu hawa wakaniambia wewe ndiye rafiki wa Wakibwe, basi tuoneshe uko upande gani. Mke wangu nimemchinja juzi, pale mlangoni kwake. Alidhani namtania. Aliniletea uji."

Dokta Zakayo akacheka. Alicheka kwa sauti, damu ikimruka kifuani, akajishika mbavu, kwa sababu hakuna mtani aliyewahi kumpiga kubwa kama lile. Alimnyoshea Ngoliga kidole, akangoja apasuke naye. Ngoliga hakupasuka. Zakayo akawageukia watu wa darajani mmojammoja ili wamsaidie, na kila aliyemtazama aliinamisha kichwa. Hata kijana wa shoka alikuwa ameliweka chini. Dokta akaendelea kucheka peke yake, hata pumzi ilipomwishia, maana alijua kwamba akinyamaza tu, mama yake atakuwa amekufa.